Wifi Yangu, Ini Lake na Dawa ya Kulegeza Misuli

Akina mama wenzangu, nimefanya kazi ya kutoa dawa za usingizi kwa miaka 22 sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote na wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa ni hili: "Sista, nitaamka kweli?" Wazee huuliza, vijana huuliza, na mama aliyekuja kujifungua kwa upasuaji huuliza huku ameshika mkono wangu. Ni swali zuri, nami hulijibu kwa moyo. Lakini lipo swali jingine ambalo sikumbuki kuulizwa hata na mtu mmoja, nalo ni hili: "Nikishalala, nitapumuaje?"

Hatuulizi kwa sababu tunadhani nusukaputi ni dawa moja tu. Unachomwa sindano, unalala, unapasuliwa, unaamka. La hasha! Zipo kazi tatu ndani yake. Ipo dawa ya kukulaza ili usijue linalotendeka. Ipo ya kuzuia maumivu. Na mara nyingi, hasa katika upasuaji wa tumbo na kifua, ipo ya tatu, yaani dawa ya kulegeza misuli. Ukuta wa tumbo ukiwa umekaza, daktari hawezi kufanya kazi yake; ni kama kutafuta sindano ndani ya mkoba ambao mtu ameubana mdomo. Dawa hiyo hulegeza misuli yote tunayoitumia kwa hiari: kope, shingo, mikono, tumbo, na hata ile ya kupumulia. Ndiyo maana tukishaitoa tunapitisha mpira kwenye njia ya hewa, na mashine, au mkono wangu ukiminya mfuko wa hewa, hupumua kwa niaba yako. Dawa hizi hazisimamishi moyo, wala hazilegezi mji wa mimba, maana misuli yake ni ya namna nyingine. Lakini pumzi yako, kwa muda huo, imo mikononi mwa mtu mwingine.

Dawa hiyo lazima iondoke mwilini, na kwa aina kadhaa mwenye kazi ya kuiondoa ni ini. Hapo ndipo inapoanzia habari ya wifi yangu, ambaye ameniruhusu niiandike.

Wifi ni mke wa kaka yangu, mama wa watoto wanne, mwenye duka la vitenge mjini Iringa, na mwenyekiti wa akina mama usharikani kwao kwa awamu ya tatu. Hajaonja pombe maishani mwake, hata ulanzi ambao kule kwetu haukosekani kwenye arusi wala kwenye msiba. Mwaka 2024 alianza kusumbuliwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa akila vyakula vya mafuta. Ultrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Akaandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam ili mfuko huo utolewe kwa njia ya matundu madogo. Kwa kuwa mimi ndiye wa kazi hiyo katika ukoo, kaka akaniomba nimsindikize.

Jioni ya kuamkia upasuaji, kijana mmoja mtaalamu wa usingizi alipita wodini na karatasi yake. Mpole, mwenye adabu, alimwamkia Wifi kabla ya kuvuta kiti. Una pumu? Kisukari? Shinikizo la damu? Umewahi kupewa dawa ya usingizi? Kuna jino linalocheza? Umewahi kuambiwa una tatizo lolote la ini?

"Hapana," Wifi alijibu, kwa sauti ile ile anayofungia vikao.

Kijana akaandika, akashukuru, akasema majibu ya damu yalikuwa yamechelewa maabara na kwamba angerudi baadaye kidogo kuyapitia.

Alipokwisha kuondoka, Wifi alitoa bahasha iliyokuwa imekunjwa katikati ya kanga zake. Ndani mlikuwa na majibu ya ultrasaundi ya Iringa. "Hebu nisomee, Wifi. Hii ya chini ina maana gani?" Mstari wa kwanza ulitaja vijiwe. Wa pili ulisema ini limejaa mafuta, daraja la pili. Barua ya rufaa ilikuwa imetaja vijiwe peke yake.

Nikamwuliza kwa nini hakumwonyesha yule kijana. Akatazama vitanda vya jirani, akashusha sauti. "Wifi, mwenyekiti wa akina mama aandikwe kwenye faili kwamba ana ini bovu? Si unajua watu watakavyosema. Watasema nakunywa kwa siri. Na wewe, tafadhali, usiseme."

Sikukasirika, maana nawajua watu wetu. Kwetu ini lina jina baya. Mwanaume akivimba tumbo, kabla daktari hajasema neno, baraza limekwisha kutoa hukumu: ni pombe. Homa ya ini ya virusi, inayowapata wengi wasioonja pombe, nayo hutupwa kapu hilo hilo. Kwa hiyo mama wa kanisani akiambiwa ini lake lina hitilafu, huificha karatasi kama anavyoficha barua ya deni.

Nami nilikuwa kwenye njia panda. Siri ya mgonjwa ni yake. Katika kazi yetu tunafundishwa hivyo, na mimi pale sikuwa mhudumu wake bali ndugu yake. Kumwendea kijana nyuma ya mgongo wake sikutaka. Kunyamaza nako niliona ni hatari. Ilibaki njia moja tu, nayo ni kuzungumza naye mpaka mwenyewe aseme. Tulikuwa na saa kama mbili.

Nilianza na ini lenyewe. Ini hujaza mafuta kwa sababu nyingi, na pombe ni mojawapo tu. Sababu iliyoenea zaidi siku hizi ni chakula kuzidi kazi: sukari na wanga tukivila kupita mahitaji, ini huvigeuza kuwa mafuta, na mengine hubaki humo humo kwenye seli zake. Uzito unaozidi kiunoni, kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu huandamana nalo. Inakadiriwa kwamba watu wazima kama 3 katika kila 10 duniani wanalo, wengi wao bila kujua, maana haliumi. Vijiwe vya nyongo pia huonekana mara nyingi kwa watu hao hao, na kwa wanawake kuliko wanaume. Nikamwambia kwamba hata mabingwa wa ini waliiona aibu hiyo anayoiogopa. Mwaka 2023 vyama vyao vya kimataifa viliubadilishia ugonjwa huu jina. La zamani lilibeba maneno "pombe" na "mafuta", ambayo waliona yanawadhalilisha wagonjwa. Jina jipya linataja hitilafu ya jinsi mwili unavyokitumia chakula.

"Kwa hiyo ni soda zangu," akasema Wifi.

Nikamwambia soda zimo, na sukari ya vijiko vinne kwenye kikombe cha chai nayo imo.

Kisha nikamweleza habari ya punda. Dawa ya kwanza ya kulegeza misuli ilitokana na kurare, sumu ambayo wenyeji wa misitu ya Amerika ya Kusini waliipaka kwenye mishale ya kuwindia. Mnyama akichomwa hulegea, pumzi inakatika, anakufa. Mwaka 1814 Mwingereza Charles Waterton, aliyekuwa ameileta sumu hiyo kutoka Guyana, alishiriki katika jaribio lililofanyika London. Punda jike alidungwa sumu, akaanguka kama mfu. Wakampasua koromeo, wakampulizia hewa mapafuni kwa mivukuto, mfano wa ile ya wahunzi, kwa muda wa saa kadhaa. Sumu ikaisha nguvu, punda akainua kichwa, akasimama! Wakampa jina la Wouralia, naye akaishi miaka 25 zaidi. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini punda yule ndiye somo lenyewe: dawa hii haiui ikiwa kuna mtu anayekupumulia mpaka itakapokwisha. Binadamu ilibidi wasubiri hadi tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Kanada, Dk. Harold Griffith na mwenzake Dk. Enid Johnson, mwanamke, walipoitumia kwa kijana aliyekuwa akipasuliwa kidole tumbo. (Mara nyingi hutajwa Griffith peke yake. Mimi humtaja na huyo mama.)

Wifi akauliza kama dawa hiyo nayo inalaza. Hailazi. Mwaka 1947 ilichapishwa taarifa ya daktari wa usingizi Mmarekani, Scott Smith, aliyejitolea kupewa kurare akiwa macho mpaka akashindwa kupepesa hata kope. Ilipokwisha nguvu akaeleza kwamba alisikia kila neno na kuhisi kila mguso. Ndiyo sababu haitolewi peke yake bila dawa ya kulaza. Na ndiyo sababu ikibakia mwilini baada ya dawa ya kulaza kuisha, mgonjwa hupata mateso asiyoweza kuyasema.

Nimeyaona mateso hayo. Nilipokuwa mwanafunzi, katika hospitali nisiyoitaja, nilisimama pembeni wakati mama mmoja anaamshwa. Njia yake ya nyongo ilikuwa imeziba, macho yake ya njano. Alikuwa amepewa vekuroniamu, ikarudiwa, kwa kiasi cha mtu mwenye ini zima. Alipofumbua macho wakautoa mpira. Baada ya dakika chache, kwenye chumba cha kuamkia, kidevu kilimlegea, kifua kikawa kinahangaika na hewa haipiti. Muuguzi mzee wa zamu ndiye aliyeona. Akamwinua taya, akaita watu, mpira ukarudishwa, akapumuliwa kwa mashine saa tatu nyingine hadi dawa ikaisha. Mama yule alipona. Siku ya pili akasema kwa upole, "Nilikuwa nawasikia. Mlikuwa mnazungumza habari za mshahara."

Wifi aliposikia hayo alinyamaza kwa muda. Nikaona niendelee hapo hapo na jambo lenyewe.

Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ukaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, inayoingia kwenye msuli kama ufunguo kwenye kitasa. Dawa zetu nyingi za kulegeza hukaa ndani ya kitasa hicho, ufunguo usiingie. Zikipungua kwenye damu, hutoka kitasani na nguvu hurudi. Lakini hazipungui kwa njia moja.

Vekuroniamu na rokuroniamu huchukuliwa na ini na kutolewa kwa wingi pamoja na nyongo. Ini likiwa limechoka, au njia ya nyongo ikiwa imeziba, hukawia. Dozi ya kawaida ya rokuroniamu, ambayo kwa mtu mzima wa afya hufanya kazi kama dakika 30 hadi 40, yaweza kwenda mbali zaidi, na kila dozi ya nyongeza huongeza deni. Pankuroniamu, dawa ya zamani, hutegemea zaidi figo, ila nayo hurefuka kwa mwenye ini lililosinyaa.

Suksamethoniamu ni ya namna ya pekee. Huingia kwa dakika moja na kuisha kwa dakika 5 hadi 10, ndiyo maana tunaipenda katika dharura, mathalani mama anayekimbizwa kujifungua kwa upasuaji na tumbo lake lina chakula. Kesho yake mwili huweza kumuuma kana kwamba amelima ekari nzima. Kimeng'enya kinachoivunja hutengenezwa na ini na kukaa katika damu. Kwa mwenye ini lililosinyaa hupungua, na dawa hukawia kuisha. Kwa mwenye ini la mafuta tu na mwili mnene, ajabu yake, mara nyingi kimeng'enya hicho huwa kingi. Kwa mjamzito hupungua. Na zipo koo ambazo huzaliwa na upungufu wake. Basi, kama ndugu yako wa damu aliwahi kukawia kupumua baada ya upasuaji, hiyo ni habari ya kumpa mtu wa usingizi hata kama yeye hakuuliza.

Halafu ipo atrakuriamu. Hii naipenda na sifichi. Ilitengenezwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, na Profesa John Stenlake na wenzake, nao waliiunda kusudi ijivunje yenyewe. Walitumia njia iliyogunduliwa na mwanakemia Mjerumani August Hofmann katika karne ya 19. Ikiingia katika damu yenye joto na hali ya kawaida ya mwili, huanza kuvunjika pasipo kusubiri ini wala figo. Ndugu yake, sisatrakuriamu, hufanya hivyo pia. Kasoro zao zipo: mwili ukipoa sana huvunjika polepole, na atrakuriamu ikidungwa kwa haraka huweza kumwekundusha mtu ngozi, kumshushia shinikizo au kumchokoza mwenye pumu. Lakini kwa mwenye wasiwasi wa ini ni dawa ya kutuliza moyo. Tena si ya matajiri. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na suksamethoniamu na vekuroniamu.

"Sasa mimi ini langu limefikia wapi?" Wifi akauliza. Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Nilimjibu kweli. Mafuta peke yake, bila makovu, kwa kawaida hayalizuii ini kufanya kazi yake, na watu wengi wa namna yake hupita chumba cha upasuaji bila tatizo. Lakini mafuta huweza kuleta uvimbe, uvimbe huleta makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kuwa gumu. Picha ile haikutosha kusema yeye yuko ngazi gani. Hata vimeng'enya vya ini kwenye damu huweza kuwa sawa na bado mafuta yapo. Mtu wa usingizi akijua, huangalia zaidi: rangi ya nyongo katika damu, protini iitwayo albumini, jinsi damu inavyoganda, chembe sahani. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha nguvu za ini. Asipojua, hana sababu ya kuvitafuta.

Tena kuna uzito. Wifi siku hiyo alikuwa na kilo 92 kwa urefu wa sentimita 158. Dawa nyingi za kulegeza misuli haziendi kwenye mafuta, kwa hiyo ukizipima kwa kilo zote za mtu mnene unampa kupita kiasi. Hupimwa kwa uzito unaofaa urefu wake, ambao kwa Wifi ni kama kilo 51. Kwa atrakuriamu, nusu miligramu kwa kilo, hiyo ni tofauti kati ya miligramu 25 na 46. Ini la mafuta na uzito huja wakiwa wameshikana mikono, na pamoja nao kukoroma na koo linaloziba usingizini, mambo ambayo humfanya mtu mwenye mabaki kidogo tu ya dawa apate shida kuliko mwembamba.

Hakusema kitu. Alikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Kijana aliporudi kama saa tatu usiku na majibu yake ya damu, Wifi alijiinua akakaa. "Mwanangu," akamwambia, "kuna karatasi sikukupa." Kisha akaongeza kwa haraka, kabla hajaulizwa, "Na pombe sinywi."

Kijana akaisoma chini ya taa. "Mama, wala sikufikiria pombe," akasema. "Nilikuwa nimepanga vekuroniamu. Nitabadilisha." Akarudi maabara kuomba vipimo viwili vilivyokuwa vimebaki. Ndivyo ilivyokuwa, kama dakika tano.

Asubuhi walimchukua saa mbili. Mimi ambaye kazi yangu ni ndani ya mlango ule nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na ndugu wengine wenye chupa za chai. Benchi hilo, akina mama, ni gumu kuliko nilivyodhani. Kwa kila dakika nilijua kinachofanyika, na kujua hakukunisaidia. Sasa wanampa hewa safi. Sasa amelala. Sasa amelegea. Kaka alipiga simu mara nne kutoka Iringa, na mara zote nne nilimjibu kwa sauti ya kazini. Niliomba kimya kimya, nikasahau maneno katikati, nikaanza tena.

Alitoka baada ya saa moja na nusu hivi. Baadaye kijana alinionyesha karatasi yake kama mwenzake wa kazi. Atrakuriamu miligramu 25, na nyongeza ndogo mbili. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amembandika kile kifaa kinachosisimua mshipa kwa mapigo manne ya umeme, nusu sekunde kati ya pigo na pigo, na kupima kidole gumba kinavyoruka. Dawa ikiwepo, pigo la nne huwa dhaifu kuliko la kwanza. Alimpa neostigmini na atropini za kuondoa mabaki, akangoja mpaka la nne lilipofikia zaidi ya sehemu 9 katika 10 za la kwanza, ndipo akautoa mpira. Zamani sote tulimwambia mgonjwa ainue kichwa kwa sekunde 5, tukaridhika. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2023 unataka kipimo cha mashine badala ya kukisia kwa macho, na nakubaliana nao, ingawa najua hospitali nyingi za wilaya hazina kifaa hicho. Panapokosekana, kuchagua dawa ya kujivunja yenyewe na kungoja kwa subira huwa na uzito zaidi, na hapo ndipo karatasi iliyofichwa ndani ya kanga ingetugharimu zaidi.

Wifi alipofungua macho neno lake la kwanza lilikuwa, "Walizungumza habari za mshahara?" Hakuwa amesikia lolote.

Mwezi wa tatu uliofuata, kwenye kikao cha akina mama usharikani, yeye mwenyewe alisimama akaeleza habari ya ini lake, na punda pia hakumsahau. Aliponiita nijibu maswali nilidhani yatakuwa mawili matatu. Tulikaa hadi jua likatua. Mama mmoja alinong'ona kwamba naye anayo karatasi kama ile, ipo chini ya godoro. Mwingine aliuliza kuhusu zile habari za zamani kwamba dawa ya usingizi huharibu ini. Hiyo ni halotheni, dawa ya kuvuta, ambayo kwa watu wachache sana ilileta madhara hayo, nayo si jamii ya dawa za kulegeza misuli. Mjamzito mmoja alitaka kujua kama mtoto tumboni hulegea pia. Kwa dozi za kawaida zinazopita kwenda kwa mtoto ni kidogo mno. Ila mama aliyepewa magneziamu kwa ajili ya kifafa cha mimba, dawa za kulegeza humkalia zaidi, na lazima mtu wa usingizi ajue.

Swali moja liliulizwa na mama kijana aliyekaa mlangoni, nami nalirudia hapa kwa kuwa linawahusu wengi mnaosoma. Ipo dawa mpya kiasi iitwayo sugamadeksi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015. Huifumbata rokuroniamu au vekuroniamu kama ganda linavyofumbata karanga, kisha zote mbili hutoka kwa mkojo, ini likiachwa pembeni. Kwa atrakuriamu haifanyi kazi. Ni nzuri sana panapopatikana, ila hufumbata pia homoni za uzazi wa mpango. Mama anayetumia vidonge, sindano, kipandikizi au kitanzi chenye homoni, akipewa sugamadeksi, yampasa yeye na mumewe watumie njia nyingine isiyo ya homoni kwa siku 7 zinazofuata. Uliza kabla ya kuondoka wodini kama umepewa. Usione haya. Mama yule wa mlangoni alisema yeye hakuambiwa, na mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni wakati anasema. Kama alipewa dawa hiyo au la, hajui, maana karatasi ya dawa hakupewa. Wifi yeye anayo yake, kijana alimwandikia: dawa alizopewa, kiasi, na kwamba aliamka vizuri. Anaiweka pamoja na kadi ya kliniki.

Kuhusu ini lenyewe, daktari alimwambia kwamba akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, mafuta na uvimbe vina nafasi nzuri ya kupungua, na kwamba dawa za mitishamba za "kusafisha ini" aziache, kwa sababu nyingine huliumiza. Mwisho tulipozungumza kwa simu alikuwa na kilo 84. Soda ameacha. Chai anakunywa kavu, na huhesabu hatua kutoka dukani hadi nyumbani. Kuhusu vitumbua vya Jumapili, yeye na kaka bado hawajafikia mwafaka.